Kadi ya kugusa imeshinda foleni ya baga, lakini mpakani hesabu ni nyingine

Mteja anafika kaunta katika mgahawa wa chakula cha haraka jijini London. Anaagiza baga, chipsi na soda. Anasogeza kadi ya benki karibu na mashine, mlio mmoja unasikika, anachukua mfuko wake na kuondoka. Hakutoa noti, hakubonyeza namba ya siri wala hakusubiri chenji. Aliyekuwa nyuma yake tayari ameshaanza kuagiza.

Miaka 20 iliyopita jambo hilo lilikuwa geni hata London. Leo ni la kawaida kiasi kwamba anayetoa noti ndiye anayeonekana kuchelewesha wenzake. Teknolojia hiyo imeshafika Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Benki za ukanda huu zinatoa kadi zenye alama ya mistari minne iliyopinda kama mawimbi, na mashine zake zinaonekana katika migahawa mikubwa, maduka makubwa na vituo vya mafuta.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo au Gatuna, swali si kama mashine hiyo itafika kwake. Swali ni itafika kwa masharti ya nani. Ili kulijibu, inafaa kuangalia ni kwa nini kadi ya kugusa ilifanikiwa katika migahawa ya baga, nani alifaidika na nani aligharamia.

Sekunde za foleni

Biashara ya chakula cha haraka ina tabia moja inayoitofautisha na nyingine nyingi. Mauzo ya kila mteja ni madogo, lakini wateja wengi hufika kwa wakati mmoja. Saa ya chakula cha mchana ikipita, imepita. Mteja aliyeiona foleni ndefu akaondoka harudi saa tisa kuja kula chakula cha saa saba. Kwa hiyo kila sekunde inayookolewa kaunta katika saa hiyo ni fedha.

Kwa muda mrefu kadi za kawaida hazikufaa hapo. Mteja alilazimika kutoa kadi, mhudumu aipitishe kwenye mashine, benki ijibu, risiti itoke, mteja atie saini. Noti na sarafu zilikuwa na kasi zaidi. Ndiyo maana hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 migahawa mingi ya McDonald's nchini Marekani ilikuwa bado inafanya kazi kwa fedha taslimu.

Majaribio ya kuondoa kikwazo hicho yalianzia kwenye usafiri na mafuta. Mwaka 1997 Hong Kong ilianzisha kadi ya Octopus kwa ajili ya treni na mabasi, ambayo baadaye ilikubaliwa katika maduka na migahawa. Mwaka huohuo kampuni ya mafuta ya Mobil nchini Marekani ilileta Speedpass, kifaa kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo kilichomwezesha dereva kulipia mafuta kwa kukisogeza kwenye pampu. Migahawa ya McDonald's ya eneo la Chicago ilikijaribu kifaa hicho pia. Kisha mwaka 2004 McDonald's na MasterCard zilikubaliana kuleta kadi za kugusa zilizoitwa PayPass katika baadhi ya migahawa ya Marekani.

Jina ni kadi ya kugusa, ingawa kwa kweli haihitaji kugusa kitu. Ndani yake mna chipu na uzi mwembamba unaofanya kazi ya antena. Mashine hutoa mawimbi ya redio, na kadi ikifika umbali wa sentimita chache hupata nguvu ya umeme kutoka kwenye mawimbi hayo na kujibu. Kila malipo hutengenezewa msimbo wake wa mara moja, hivyo aliyenasa msimbo wa jana hawezi kuutumia leo.

Hata hivyo kasi haikutokana na chipu peke yake. Ilitokana pia na uamuzi wa kibiashara. Visa na MasterCard zilikubali kwamba kwa mauzo madogo, ambayo Marekani yalikuwa chini ya dola 25, mteja asidaiwe saini. Benki zilikubali kubeba hatari ndogo ili foleni iende. Teknolojia ilikuwepo, lakini kilichoifanya iwe na faida ni kubadilishwa kwa masharti.

Kikomo kilivyopanda

Uingereza inaonyesha vizuri jinsi jambo hili lilivyokua. Kadi za kugusa zilianza huko Septemba 2007, na mteja aliruhusiwa kulipa hadi pauni 10 bila namba ya siri. Kiasi hicho kilikuwa kinatosha mlo mmoja na soda yake. Mwaka 2010 kikomo kikawa pauni 15, mwaka 2012 kikawa 20, na mwaka 2015 kikafika 30.

Katikati ya safari hiyo mambo mawili yalisukuma watu. McDonald's ilipeleka mashine za kugusa katika migahawa yake nchini Uingereza mwaka 2011. Halafu mabasi ya London yakaanza kupokea kadi za kugusa za benki Desemba 2012, na Julai 2014 yakaacha kabisa kupokea fedha taslimu. Septemba mwaka huo treni za chini ya ardhi zikafuata. Mtu aliyezoea kugusisha kadi asubuhi akienda kazini aliona ni kawaida kufanya hivyo mchana akinunua chakula. Kitu cha kila siku ndicho kilichojenga mazoea.

Mwezi Oktoba 2014 Apple nayo ikaleta malipo ya kugusa kwa simu nchini Marekani, na McDonald's ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuyapokea. Kisha janga la korona likamaliza ubishi. Watu waliogopa kushika noti na vitufe vya mashine. Uingereza ilipandisha kikomo hadi pauni 45 Aprili 2020, na Oktoba 2021 kikawa pauni 100. Ndani ya miaka 14 kikomo kilikuwa kimeongezeka mara kumi.

Makato yanayokaa nyuma ya kaunta

Mteja anayegusisha kadi haoni gharama yoyote. Anaona bei ileile iliyoandikwa ukutani. Gharama iko upande wa pili wa kaunta.

Fedha haziendi moja kwa moja kutoka kwa mteja hadi kwa mwenye mgahawa. Katikati kuna benki iliyotoa kadi, kuna mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na kuna benki au kampuni iliyoweka mashine. Kila mmoja anakata chake, na jumla ya makato hayo humwangukia muuzaji.

Kampuni yenye maelfu ya migahawa huingia kwenye mazungumzo ikiwa na nguvu. Inaweza kuiambia benki kwamba makato yakizidi kiwango fulani itahamisha biashara yote kwingine. Mwenye kibanda kimoja hana wa kumtisha. Anapewa karatasi ya masharti, anatia saini au anaiacha.

Marekani ilijaribu kuingilia kati kwa sheria, na yaliyotokea ni funzo kwa kila muuzaji mdogo. Kuanzia Oktoba 2011 benki kubwa ziliwekewa kikomo cha ada katika kadi zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja: senti 21, kuongeza asilimia 0.05 ya mauzo, na senti moja zaidi kwa benki zinazotimiza masharti ya kuzuia wizi. Wauzaji wa vitu vya bei kubwa walinufaika. Wauzaji wa vitu vidogo waliumia.

Sababu ni kwamba kabla ya hapo mitandao ya kadi ilikuwa na bei nafuu kwa mauzo madogo. Kwa soda ya dola 2, ada hiyo ilikuwa senti 7 hivi. Kikomo kilipowekwa, mitandao ikakifanya ndiyo bei ya wote, na soda ileile ikaanza kukatwa senti 22. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya bei ya soda. Sheria iliyotungwa kumlinda muuzaji ilimkata muuzaji mdogo mara tatu ya alivyokuwa akikatwa.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine mwaka 2015. Uliweka kikomo kwa asilimia peke yake: asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Kwa utaratibu huo ada hupungua kadiri mauzo yanavyokuwa madogo. Tofauti ya Marekani na Ulaya inaonekana ni ya kitaalamu, lakini kwa mtu anayeuza maandazi au soda ndiyo tofauti kati ya kupata na kukosa.

Walioachwa nje ya mlango

Baada ya kuzoea kadi, baadhi ya migahawa iliamua kupiga hatua nyingine na kukataa keshi kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya Visa ilitangaza zawadi za dola 10,000 kwa kila mmoja wa wafanyabiashara wadogo 50 wa chakula nchini Marekani ambao wangeacha kupokea fedha taslimu. Mwaka huohuo migahawa ya saladi ya Sweetgreen iliacha keshi, na Shake Shack ikafungua mgahawa wa namna hiyo jijini New York.

Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2017 ulionyesha kaya zipatazo milioni 8.4, sawa na asilimia 6.5, hazikuwa na akaunti ya benki. Hao walikuwa na fedha mfukoni lakini hawangeweza kununua sahani ya chakula. Shake Shack ilirudisha keshi mwaka 2018, na Sweetgreen ikatangaza mwaka 2019 kwamba nayo inarudi. Mwaka huo Philadelphia, jimbo la New Jersey na San Francisco walipitisha sheria za kuzuia maduka kukataa fedha taslimu. Baraza la jiji la New York likafanya hivyo Januari 2020.

Kwa hiyo nchi iliyoanza kuingiza kadi ya kugusa kwenye baga ndiyo hiyo ambayo miji yake mikubwa ilirudi kuilinda noti kwa sheria. Kadi haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kuifanya kuwa njia pekee.

Kuna sababu nyingine ya kutoitupa keshi. Tarehe 1 Juni 2018 mtandao wa Visa barani Ulaya ulipata hitilafu katika kituo chake kimoja cha kompyuta, na malipo milioni 5.2 yakashindikana. Tarehe 15 Machi 2024 mfumo wa McDonald's wenyewe ulianguka katika nchi kadhaa, zikiwemo Japan, Australia na Uingereza, na baadhi ya migahawa ikafunga milango kwa muda. Kampuni kubwa hupoteza mauzo ya siku moja na kuendelea. Mwenye kibanda ambaye mtaji wake wa kesho ni mauzo ya leo hana nafasi hiyo.

Mwaka mmoja, njia mbili

Mwaka 2007 ambao London ilianza kadi za kugusa ndio mwaka ambao M-Pesa ilizinduliwa Kenya, mwezi Machi. Tatizo lilikuwa linafanana, yaani jinsi ya kulipa kiasi kidogo bila noti, lakini majibu yalitofautiana.

Kadi huvuta fedha kutoka kwa mteja. Simu hufanya kinyume: mteja ndiye anayezisukuma. Anaandika namba ya muuzaji, kiasi, namba ya siri, kisha wote wawili wanasubiri ujumbe uingie. Kwa kasi peke yake, kadi inashinda. Lakini simu ilikuwa tayari mkononi mwa mteja, haikuhitaji akaunti ya benki, na wakala wa karibu angeweza kuigeuza salio kuwa noti hata jioni. Faida hizo zilizidi sekunde chache za foleni.

Ndiyo maana jitihada za kuleta kugusa katika ukanda huu zimekuwa na matokeo mchanganyiko. Nchini Kenya kadi ya BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity mwaka 2013 kwa ajili ya matatu, ilifungwa mwaka 2015. Amri ya serikali ya kuzitaka matatu ziache keshi mwaka 2014 nayo haikushika. Makondakta na madereva walikuwa wakilipana na kutatua mambo ya njiani kwa fedha za mkononi, na kadi ilizipeleka fedha hizo moja kwa moja kwa mwenye gari. Mwaka 2017 Safaricom ilijaribu kadi na vibandiko vya kugusa vilivyoitwa 1Tap, lakini havikuenea. Kigali ilikuwa tofauti. Kadi ya Tap&Go iliyoanza kwenye mabasi mwaka 2015 ilishika, kwa kuwa mabasi yalikuwa chini ya kampuni chache zenye mikataba na keshi iliondolewa kwa wote kwa pamoja.

Funzo linarudia lile la baga. Mfumo hushika pale ambapo mwenye kupokea fedha anapata faida. Pale anapopoteza, atatafuta njia ya kuukwepa.

Makato yana nguvu hiyo hiyo. Machi 2020 Kenya iliondoa ada za kutuma kwa simu kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na miamala midogo ikaongezeka. Uganda ilikuwa imefanya kinyume chake Julai 2018 ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu. Watu walirudi kwenye noti, na baada ya miezi michache serikali ikaishusha hadi asilimia 0.5 na kuiacha kwenye kutoa fedha tu. Hakuna aliyehitaji kufundishwa hesabu.

Faida inayoyeyuka

Chukua mfano wa muuza chipsi kuku mpakani anayeuza sahani kwa shilingi 200 za Kenya na kubakiwa na faida ya shilingi 16. Ikiwa mashine inakata asilimia 2, makato ni shilingi 4. Kwa maneno ya benki hiyo ni asilimia 2. Kwa maneno ya muuzaji hiyo ni robo ya faida yake.

Mgahawa wa kimataifa unakubali makato kama hayo kwa sababu foleni fupi inaleta wateja wengine katika saa ileile. Muuzaji ambaye wateja wake hufika mmoja mmoja mchana kutwa hapati wateja zaidi kwa kuokoa sekunde 10. Anabaki na makato bila ile faida iliyoyahalalisha.

Mzunguko nao una hesabu yake. Noti ya shilingi 1,000 ikitoka kwa mnunuzi wa kitenge, ikaenda kwa mama lishe, kwa muuza kuku, kwa muuza pumba na kuendelea hadi watu 10, bado ni shilingi 1,000. Fedha hiyo ikipita kwa mashine yenye makato ya asilimia 2 kila mara, inafika mwisho ikiwa shilingi 817. Shilingi 183 zimetoka sokoni bila kununua kitu.

Upande wa pili wa mizani haupaswi kudharauliwa. Mfanyabiashara anayesafiri usiku kutoka Kampala kwenda Nairobi na bunda la noti kiunoni anajua hatari yake. Kadi hupunguza hatari hiyo. Kumbukumbu za mauzo humsaidia anayeomba mkopo kuonyesha biashara yake, ingawa mamlaka ya kodi nayo inaweza kuziona. Na noti bandia haziingii kwenye mashine.

Mpaka unapoongeza bei

Kinachoifanya hesabu ya mpakani iwe ngumu zaidi ni kwamba kadi ikivuka mpaka hubadilika bei. Ulaya imetoa ushahidi wa wazi. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, ada kati ya benki kwa manunuzi ya mtandaoni yanayovuka mpaka huo ilipandishwa mwaka 2021 kutoka asilimia 0.2 hadi 1.15 kwa kadi za akaunti, na kutoka 0.3 hadi 1.5 kwa kadi za mkopo. Kadi ni ileile, kompyuta ni zilezile. Kilichoongezeka ni mpaka.

Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na kikomo cha pamoja cha kuondolewa. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013 kwa lengo la sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita, na lengo sasa ni 2031. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki ulioanza 2014 unaunganisha benki kuu na kuwezesha malipo kwa shilingi na faranga za ukanda huu, lakini hupitia benki na hautumiki kwenye kaunta ya chipsi. Huduma za simu zimevuka mpaka kwa hatua, kama pale M-Pesa ya Kenya na ile ya Tanzania zilipounganishwa mwaka 2015.

Kwa hiyo Mkenya anayelipia chakula Arusha kwa kadi ya benki ya Nairobi anapitia ubadilishaji wa fedha asiouona. Mtandao wa kadi una kiwango chake, na benki yake inaweza kuongeza asilimia yake. Wakati mwingine mashine humuuliza kama anataka kulipa kwa shilingi za Kenya badala ya za Tanzania. Swali hilo linaonekana la ukarimu, lakini mara nyingi kiwango kinachotumika hapo kimeongezwa faida ya mwenye mashine. Jibu salama ni kuchagua sarafu ya nchi alipo.

Linganisha na mbadilisha fedha wa mpakani. Naye ana faida yake, na wapo wasio waaminifu. Lakini bei hutajwa kabla ya noti kutoka mfukoni, na aliye jirani hutaja yake. Mteja anaweza kusema hapana.

Maswali manne kabla ya kutia saini

Anayeletewa mashine ya kugusa, iwe na benki au kampuni ya simu, ana haki ya kuuliza mambo manne na kutaka majibu kwa maandishi.

La kwanza ni makato: ni asilimia ngapi, kuna kiwango cha chini kwa kila muamala, na kuna kodi ya mashine kila mwezi? Kiwango cha chini ndicho kilichowaumiza wauza soda wa Marekani. Shilingi 10 kwa kila muamala ni kidogo kwa mwenye duka la simu, lakini kwa mwenye kuuza chai ni kufunga biashara.

La pili ni muda: fedha zinaingia lini? Mauzo ya Ijumaa yanayofika Jumatatu hayawezi kununua vitunguu vya Jumamosi alfajiri. Mtaji unaozunguka kila siku hauwezi kusubiri.

La tatu ni hatari: mteja akipinga malipo baadaye, nani anabeba hasara? Kwa keshi, biashara imekwisha pale noti ilipopokelewa. Kwa kadi, malipo yanaweza kurudishwa baada ya mteja kushaondoka na bidhaa na kuvuka mpaka.

La nne ni kiwango cha kubadilisha fedha kwa kadi za nchi jirani: nani anakipanga, na kinaonekana kabla ya kulipa?

Majibu mazuri ni rahisi kupatikana kwa wengi kuliko kwa mmoja. Migahawa ya baga ilipata bei nafuu kwa sababu ilizungumza kama kampuni moja yenye kaunta maelfu. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina wanachama wa kutosha kwenda benki kwa sauti moja na kuzishindanisha, badala ya kila kibanda kupokea karatasi yake.

Serikali za Jumuiya nazo zina mifano miwili mbele yao. Kikomo cha makato kiwekwe kwa asilimia, kama Ulaya, ili kisigeuke mzigo kwa mauzo madogo. Na haki ya kulipa kwa noti ilindwe mapema, kabla ya watu kufungiwa nje ya milango kama ilivyotokea Marekani.

Hadi hapo, mwenye kibanda anaweza kuweka mashine kwa ajili ya mtalii na dereva wa lori anayetaka risiti, akabaki na namba ya malipo ya simu ukutani kwa mteja wa jirani, na droo ya chenji kwa wanaobaki. Kila jioni ajumlishe makato ya kila njia pembeni ya mauzo yake. Baada ya mwezi mmoja daftari litamwambia njia ipi inamlipa na ipi inamla.